Paka Kumi na Mmoja wa Safu ya Saba

Siku ya Jumanne, tarehe 13 Februari 2024, saa mbili na dakika kumi asubuhi, manyunyu yalikuwa yakianguka juu ya mawe meusi ya volkano nje ya Ndosho, upande wa magharibi wa Goma, na ukungu ulikuwa umeufunika mlima Nyiragongo hadi kiunoni. Paulin Kambere alifungua daftari la uandikishaji, akaweka rula upande wa kushoto, kalamu ya bluu upande wa kulia, na kitambaa cha kukaushia mezani katikati. Kisha akasema, "Wa kwanza."

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Alisoma miaka sita katika shule ya bweni ya mapadri karibu na Butembo, ambako kengele ililia saa kumi na moja alfajiri, maji ya kuoga yalikuwa ya baridi mwaka mzima, na mwanafunzi aliyekosea tarehe alirudia ukurasa wote. Hakuna kitu cha shule hiyo alichowahi kukilalamikia. Padri aliyewafundisha kuandika ripoti alikuwa na kanuni moja: andika unachoambiwa, si unachodhani, na ukiona shaka, uliza mara tatu. Paulin aliishika kanuni hiyo kwa miaka thelathini na minne, kwanza akiwa mwalimu, kisha karani wa parokia, na sasa mwandikishaji katika kambi ya waliokimbia vita, kambi ambayo haikuwa na jina bali namba.

Mizinga ya upande wa Sake ilisikika tangu alfajiri. Hakuna aliyeigeuzia kichwa.

Daftari lilikuwa na safu saba. Sita zilichapwa na shirika lililotoa chakula: jina, umri, jinsia, kijiji, idadi ya watoto, ugonjwa. Ya saba ilikuwa kabila. Hiyo haikuchapwa. Kamati ya usalama ya kambi iliagiza iongezwe, na Paulin aliiongeza mwenyewe kwa rula, ukurasa baada ya ukurasa, kurasa mia mbili, na hakuna mstari hata mmoja uliopinda. Kila Ijumaa nakala ya daftari ilipelekwa kwenye vizuizi vya barabarani, kwa wenye bunduki wa huku. Kufikia Jumatatu, kwa njia ambazo hakuna aliyeziuliza, nakala ya nakala hiyo ilikuwa imekwisha kufika kwa wenye bunduki wa kule.

Mtu wa sita katika foleni alikuwa mwanamke mwembamba kutoka milima ya Masisi, aliyebeba turubai lililokunjwa kichwani na kulishika kwa mkono mmoja.

"Jina?"

"Mukabalisa."

"Umri?"

"Arobaini na moja."

"Kijiji?"

"Rugarama."

"Watoto?"

"Hapana. Niko na mama tu. Alibakia kule, mguu wake ulikataa."

"Ugonjwa?"

"Njala, Papa, kama iko ugonjwa."

"Njaa si ugonjwa. Kabila?"

"Paka."

Paulin aliinua kalamu. Kanuni ilimtaka arudie.

"Nimeuliza kabila, mama."

"Nami nimejibu. Niko paka."

"Kwa mara ya tatu. Kabila?"

"Paka, Papa. Tangu utoto. Mama yangu anajua, padri wetu alijua, hata mume wangu, Mungu amurehemu, alijua na akanioa."

"Papa, mwandike!" mwanamume mmoja alipaza sauti nyuma. "Hata akiwa tembo, siye tunataka unga!"

Watu wakacheka kidogo, kwa pumzi iliyobaki. Paulin akaandika neno *paka* katika safu ya saba, herufi nne, zenye kimo kimoja. Mukabalisa alilisoma likiwa juu chini, akashukuru, akapokea kadi yake iliyobeba neno lilelile.

Waliomfuata kumi walikuwa pamoja naye. Mmoja alikuwa Twagirayezu, fundi cherehani mzee ambaye mkewe alieleza, bila kuulizwa, kwamba kwa miaka arobaini alilala amejikunja juu ya marobota ya vitambaa na hakuwahi kumsumbua mtu. Mwingine alikuwa Umuhire, mwanafunzi wa chuo, mwenye simu iliyopasuka kioo. Umuhire alimweleza Paulin kwamba watu wa namna hiyo wako katika nchi nyingi, kwamba wana makundi yao ya kuandikiana kwenye simu, na kwamba wapo pia walio mbwa mwitu, mwewe na mbweha.

"Wa ng'ambo wanajishonea mikia," alisema. "Siye tulikosa uzi."

"Na hawa wote mlifahamianaje?"

"Kwa kutazamana, Papa. Paka anajua paka."

Paulin hakuliandika jibu hilo, kwa kuwa daftari halikuwa na safu yake. Aliandika paka mara kumi zaidi. Kufikia saa nne, idadi ilikuwa kumi na mmoja.

Mchana, mwenyekiti wa kamati ya usalama, Ntirenganya, mtu mnene mwenye filimbi shingoni, alilipitia daftari kwa kidole. Alipofika kwenye ukurasa huo alisimama, akahesabu, akafikiri.

"Wanasema ukweli?"

"Wanasema walichosema," Paulin alijibu. "Niliuliza mara tatu."

"Basi hawana haki ya unga. Listi ya watu ni ya watu. Wapeleke depo."

Depo ilikuwa hema refu la kuwekea magunia ya unga wa mahindi, maharage na chumvi, na msimamizi wake aliitwa Benny. Katika karatasi za depo palikuwa na kifungu cha chakula cha paka wa kukamata panya: kilo moja ya sambaza, dagaa wa ziwani, kila siku. Paka huyo, jike la madoa, alikufa mwezi wa Desemba. Sambaza ziliendelea kuletwa kutoka ziwani kila asubuhi, na Benny alizipokea kwa niaba yake na kuzila na bugali.

Benny aliwatazama wale kumi na mmoja, akatazama kikapu cha sambaza, akakunja uso.

"Nyinyi munasema muko paka. Mizani haijui siasa. Pandeni."

Mizani ilikuwa ya kupimia magunia. Mukabalisa alipanda wa kwanza, akiwa na kanga, koti la mvua na ndara. Mshale ulitoka sifuri, ukasogea kidogo, ukatulia kwenye kilo nne na gramu mia mbili. Benny alikigonga kioo kwa ukucha. Mshale haukusogea. Twagirayezu alikuwa na kilo tatu na nusu, kwa sababu ya uzee. Umuhire alikuwa na kilo nne kamili, na simu yake.

"Sawa," alisema Benny, akaandika. Jioni hiyo alikula bugali na majani ya sombe, na hakuna aliyemwonea huruma.

Habari zilienea kambini kabla ya jua kuzama. Kesho yake watu mia tatu na arobaini walifika mbele ya meza ya Paulin wakitaka kubadilisha safu ya saba, kwa kuwa kilo moja ya sambaza, hata ikigawanywa, ilikuwa na harufu zaidi ya unga ambao haukuwa umekuja kwa wiki mbili. Paulin aliuliza kila mmoja mara tatu, akaandika, akawatuma depo. Mizani iliwarudisha wote. Mmoja alikuwa na kilo hamsini na moja, mwingine arobaini na saba, mwingine arobaini. Hawakuwa paka. Walikuwa watu waliokonda.

Mwanamke mmoja, Léoncie, alimweka mwanawe wa miaka minne juu ya mizani. Mshale ulisimama kwenye kilo saba. Benny alikuwa amekwisha kuchovya kalamu, lakini muuguzi wa kambi, Charline, aliyekuwa akipita na ndoo, alimzuia.

"Huyo hapana paka," alisema. "Huyo ni njala."

"Lakini kilo inakaribia."

"Itakaribia tena, usiwe na haraka. Leta mutoto hapa, mama."

Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyejaribu.

Wale kumi na mmoja walipewa nafasi yao nyuma ya depo, penye joto la magunia. Hawakulia nyau, wala hawakutembea kwa miguu minne. Mambo hayo, Umuhire alisema, ni ya watoto na ya watu wanaotaka kutazamwa. Walikaa kimya kwa saa nyingi. Walipanda juu ya vilundo vya mawe makali pasipo kukatwa nyayo. Mtu alipowaita kwa jina walisikia, wakaamua. Jua lilipotoka, wote kumi na mmoja walikuwa upande wa mashariki wa hema, na lilipohama walihama.

Nao walifanya kazi. Panya wa kambi ile walikaa ndani ya mashimo ya volkano, ambamo sumu haikufika wala moshi. Mwezi wa Januari panya hao waliingia katika sanduku la madaftari na kutafuna kurasa kumi na nne. Familia zilizoandikwa katika kurasa hizo zilikwenda mwezi mzima bila chakula, kwa kuwa hazikuwepo. Paulin aliandika barua tatu kuzieleza. Barua ya kwanza ilijibiwa kwamba asubiri.

Sasa Mukabalisa alilichukua sanduku lile kuwa mahali pake. Alikaa juu yake siku tatu, magoti kifuani, macho kwenye tundu moja chini ya hema. Siku ya tatu aliinama, akanyoosha mkono, akatoa jike la panya na watoto tisa. Tangu hapo, kila asubuhi Paulin alipofika ofisini, alikuta panya wamelazwa kizingitini kwa mstari, mkubwa hadi mdogo, vichwa vikielekea mlango. Alikuwa mtu wa utaratibu. Aliuona mstari huo na akaukubali.

Ijumaa ya tarehe mosi Machi alimwita Mukabalisa mbele ya foleni, akasimama kama walivyofundishwa kusimama, visigino pamoja.

"Mama Mukabalisa. Umeyaokoa majina ya watu elfu tisa. Mimi, Paulin Kambere, nina deni kwako. Mwanafunzi wa mapadri halali na deni."

"Papa Paulin, wewe unalala sana, nasikia unakoroma mpaka kwenye depo," alisema Mukabalisa, na foleni ikacheka. "Lakini sawa. Nitalidai siku yake."

Siku yake ilikuwa Jumatano, tarehe ishirini ya mwezi huohuo. Mwanamume aitwaye Jephté, msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, aliyepeleka makaa pande zote mbili za vita na kwa hiyo hakuchukiwa na upande wowote, alileta habari kutoka Rugarama. Mamake Mukabalisa, Nyirakamana, mwenye miaka sabini na mitatu, alikuwa hai. Alikuwa akilala katika chumba cha kuhifadhia mavazi ya misa, na alikuwa amebakiwa na viazi vitamu vya siku nne. Barabara ilitarajiwa kufungwa Jumapili. Jephté alikuwa tayari kumteremsha kwa chukudu yake, maana ikibeba magunia matano ya makaa haishindwi na bibi mmoja.

Ila palikuwa na vizuizi vitatu njiani. Kwa cha kwanza na cha pili, kutoka Rugarama, kabila la Nyirakamana lilikuwa baya. Kwa cha tatu, kilichokuwa karibu na kambi, lilikuwa baya kwa sababu nyingine.

Mukabalisa aliingia ofisini, hakukaa.

"Papa Paulin, nimekuya kudai deni."

"Lidai."

"Andika mama yangu. Nyirakamana, miaka sabini na tatu, Rugarama. Safu ya saba, paka. Unipe kadi, nimupelekee. Miye nikionyesha kadi yangu kwenye barieri, askari anatazama chini, ananipisha. Nilishapita mara mbili kutafuta majani. Hawaniulizi kitu. Watamupisha na yeye."

Paulin alilifunga daftari, akaweka viganja juu yake.

"Yeye ni paka?"

Mukabalisa alitikisa kichwa.

"Hapana."

"Amesema kwa kinywa chake kwamba ni paka?"

"Iko kule, Papa. Kinywa chake kiko kule."

"Basi siwezi."

"Umesema una deni."

"Ninalo. Nitakupa blanketi langu. Nitakupa redio. Nitakwenda mwenyewe kwa mwenyekiti, niombe barua. Lakini deni ni deni na uongo ni uongo. Kalamu hii haijaandika uongo tangu nikiwa na miaka kumi na minane."

"Sikuomba blanketi."

"Nimesikia."

"Mutu anayepigwa risasi akiwa na blanketi, anakufa na joto, njo ile unataka?"

Mukabalisa aliutazama ukurasa wa juu wa daftari jipya uliokuwa ukingoja mezani. Aliuweka ukucha wa kidole kwenye mstari wa safu ya saba, akaufuata kutoka juu hadi chini.

"Huu mustari, nani aliupiga?"

"Mimi."

"Umenyooka," alisema Mukabalisa, akatoka.

Paulin alikwenda kwa mwenyekiti kuomba barua, kama alivyosema. Ntirenganya alimwambia kwamba barua hutolewa kwa watu walio kwenye listi, na kwamba ili kuwa kwenye listi ni lazima mtu afike. Paulin aliona kwamba jibu hilo lilikuwa na mantiki, akarudi ofisini.

Mukabalisa aliondoka Alhamisi asubuhi pamoja na Jephté. Kwenye kizuizi cha karibu na kambi askari alisoma kadi yake, akatazama chini, karibu na kiatu chake, akainua kamba. Kati ya kizuizi hicho na cha pili palikuwa na kilometa nane ambazo hazikuwa za mtu yeyote, na mahindi yaliyokauka yakiwa yamesimama. Kwenye cha pili askari hakuisoma kadi. Alisema, "Kss, kss," akasogea. Cha tatu, ukihesabu kutoka kambini, kilikuwa kijana aliyelala. Ijumaa saa sita mchana walifika Rugarama.

Nyirakamana alikuwa ameketi kwenye kiti cha padri, mguu wake mbaya juu ya sanduku la mishumaa. Alimtazama binti yake kuanzia chini hadi juu.

"Umekonda."

"Niko na kilo nne, mama."

"Ulikuwa hivyo siku zote. Hata nikikubeba mugongoni nilikuwa nasahau kama nimebeba."

Mukabalisa alimweleza kuhusu vizuizi. Alimweleza kwamba hana kadi ya kumpa, lakini akiulizwa aseme tu neno moja, labda watamwamini, kwa kuwa atakuwa pamoja naye.

"Nani? Miye?" Bibi aliguna. "Mukabalisa, sikiliza. Wewe uko paka. Nilikuona ukiwa mudogo, unalala juu ya jiko, unakataa kuitwa, nikajua, sikukuchapa. Batu walisema nikupeleke kwa muganga. Nikasema, muache, hajamuuma mutu. Lakini miye nilizaa batu saba, nikazika watano. Paka haziziki watoto. Miye niko mutu."

"Neno moja tu, mama. Njiani tu."

"Kama neno iko kweli kwako, usinipe nilitumie kama mwavuli."

Mukabalisa hakusisitiza tena. Alimsaidia kupanda chukudu, Jephté akamfunga kiunoni kwa kamba ya makaa, na Jumamosi wakaanza kuteremka. Bibi alikuwa mwepesi wa maneno njia nzima. Alimwambia Jephté kwamba anasukuma kama mtu anayebeba deni la mahari, na Jephté alisema kwamba kweli analo.

Vizuizi viwili vya juu vilikuwa vimeachwa. Wenyewe walikuwa wamesogea wakati wa mapigano, wakaacha kamba zimefungwa, na Jephté alizifungua kisha akazifunga tena. Cha mwisho hakikuwa kimesogea. Kutoka hapo waliweza kuona maturubai ya kambi, na hema la depo, na moshi wa wapishi.

Askari mmoja alikuwa na nakala ya daftari mkononi, mwandiko wa Paulin, uliosomeka vizuri hata kwa mbali. Aliitazama kadi ya Mukabalisa, akatazama chini. Akaelekea kwenye chukudu.

"Bibi. Kadi?"

"Sina. Naenda kuichukua."

"Jina?"

"Nyirakamana."

Alitafuta katika kurasa zote. "Haumo. Kabila?"

Nyirakamana alilitaja kabila lake kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa. Aliambiwa ashuke, akae kando. Alishuka, akakaa kando, juu ya jiwe. Jephté aliambiwa aendelee na safari, naye, akiwa na watoto, aliendelea.

Mukabalisa hakuambiwa kitu, kwa sababu paka haambiwi kitu. Aliketi karibu na mamake. Aliwaambia askari kwamba huyu ni mama yake mzazi; walizungumza juu ya mpira. Aliwaambia mara ya pili na mara ya tatu. Mmoja wao, aliyekuwa akila, alimrushia kichwa cha samaki.

Saa kumi na moja jioni, mwanga ukiwa bado mwingi, walimchukua Nyirakamana ndani ya nyumba ya udongo iliyokuwa hapo. Yeye mwenyewe aliomba kuinuliwa kwa mkono wa kulia, kwa sababu ya mguu. Mukabalisa aliwafuata hadi mlangoni, na mlango ulifungwa mbele yake kwa namna ambayo milango hufungwa mbele ya paka, taratibu, kwa mguu. Alisikia jambo moja, na lilikuwa fupi.

Alifika kambini Jumapili ya Matawi. Watu walikuwa wakitoka misa, kila mmoja na jani lake. Walimpa njia.

Jumatatu, tarehe 25 Machi, hakukuwa na mvua. Mukabalisa alipanga foleni kama wengine, akangoja zamu yake, akawa mtu wa sita. Paulin alikuwa na habari tayari kwa kinywa cha Jephté. Hakuwa amenyoa. Mbele yake palikuwa na ukurasa mpya, na jina la Nyirakamana lilikuwa limekwisha kuandikwa, na umri, na kijiji, na neno *marehemu*. Safu ya saba ilikuwa tupu.

"Mama Mukabalisa," alisema, na hakuweza kusimama visigino pamoja kama alivyokusudia. "Nitalilipa deni. Nitaandika paka. Nakala itatoka Ijumaa. Watajua kwamba walimkamata asiyepaswa kukamatwa."

Hapakuwa na mtu kambini asiyejua kwamba Paulin Kambere haandiki ambalo hakuambiwa.

"Usiandike ile," alisema Mukabalisa.

"Ndiyo uliyoiomba."

"Niliomba akiwa anapumua. Sasa iko uongo wa bure."

"Niandike nini?"

"Andika ile alisema. Aliniambia kule Rugarama, Jephté akisikia."

"Alisema nini?"

"Mutu."

Paulin hakuuliza mara ya pili wala ya tatu. Aliandika *mtu*. Herufi zilikuwa na kimo kimoja. Katika kurasa mia mbili za safu ya saba, neno hilo halikuwa limeandikwa hata mara moja. Alilikausha kwa kitambaa.

"Bado nina deni," alisema.

"Unalo."

"Sema, basi. Kitu chochote kilicho katika uwezo wangu."

Mukabalisa aliutazama mstari, na rula iliyokuwa kando yake, na lundo la karatasi nyeupe ambazo zilikuwa zikingoja kupigwa mistari kwa ajili ya waliofika usiku kutoka Sake. Paulin naye alizitazama. Upande wa nyuma, Ntirenganya alipuliza filimbi ili foleni isogee.

"Sambaza za leo bado hazijafika," alisema Mukabalisa. "Mwambie Benny."

"Nitamwambia. Hilo si malipo."

"Hapana. Hapana malipo. Deni lako sitalipokea, Papa Paulin. Leo sitalipokea, na ukinifuata kesho sitalipokea. Bakia nalo."

Akaenda upande wa mashariki wa hema, ambako jua lilikuwa limefika, akaketi kati ya wenzake kumi. Paulin alichukua karatasi nyeupe ya kwanza, akaiwekea rula, akapiga mstari wa saba. Ulinyooka.

"Anayefuata," alisema.

Asubuhi ya Jumanne panya kumi na wanne walikuwa wamelazwa kwa mstari kwenye mlango wa depo, mkubwa hadi mdogo. Kizingiti cha ofisi kilikuwa safi, na kilibaki hivyo.